Udongo Tulioukuta Ziwani

Leo, msikilizaji wangu wa redio, nitakutoa kijijini kwetu Mkuyuni nikupeleke Kigoma, halafu nitakurudisha Mkuyuni, maana jambo lenyewe lilianzia huku na limeishia huku huku.

Nina wapwa wawili, watoto wa dada yangu. Wa kike ana miaka 16, wa kiume ana 13. Kwetu Uluguru mjomba si mtu wa kuja na zawadi wakati wa sikukuu akaondoka. Ukoo wetu tunaufuata upande wa mama, ardhi inapita huko huko, na mtoto akitaka jambo kubwa baba yake mwenyewe atamwambia, "Kamuulize mjomba wako." Basi yule binti akaja kuniuliza. Alikuwa amenisikia mara nyingi nikisimulia kazi ya rafiki yangu wa Tanga, mzamiaji wa miaka mingi, ambaye ndiye aliyenifundisha mimi kupumua chini ya maji. Akasema, "Mjomba, nataka na mimi nione chini."

Nikamuuliza, chini ya nini? Akasema, "Ya maji yoyote. Hata haya yetu."

Haya yetu ni mto unaopita chini ya kijiji. Ukitoka Morogoro mjini, ukaiacha Bigwa, ukapita Kiroka, unafika Mkuyuni kabla ya kuendelea Matombo na Mvuha hadi Kisaki. Jina la kijiji ni la mti, na mkuyu ni mti unaopenda kusimama maji yalipo. Maji ya upande wetu huu wa mashariki yanatoka msituni huko juu, yanashuka bonde kwa bonde hadi yanaingia Ruvu, na Ruvu ndio mto unaoinywesha Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu wa Kariakoo anapofungua bomba, ndani ya kile kikombe chake kuna kitu cha kwetu. Tumekulia mtoni. Tumefua, tumeoga, tumeloweka mihogo. Lakini chini ya maji hakuna aliyetufundisha kutazama. Tulifundishwa kuogopa tu, na waliotufundisha walikuwa na sababu, maana watoto wamechukuliwa na mito hii.

Mpango wa kumpeleka Ziwa Tanganyika, yeye na mdogo wake, ukachukua karibu mwaka mzima. Watoto walijifunza kwanza kuogelea sawasawa, halafu wakafundishwa kutumia mtungi katika bwawa la kuogelea Dar es Salaam, wiki kwa wiki, hadi rafiki yangu aliporidhika. Nasisitiza hilo. Asitokee mzazi akachukua mtoto na mtungi akaenda naye ziwani kwa sababu amesikia redioni. Na tukiwa hapo hapo, wengi husema "mtungi wa oksijeni". Ndani ya mtungi wa mzamiaji wa kawaida mna hewa hii hii tunayoivuta sote, oksijeni yake ni sehemu 21 tu kwa mia, imeshindiliwa kwa kompresa. Oksijeni tupu, ukishuka nayo mita chache tu, inageuka sumu. Ufaransa, mwaka 1943, Jacques Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza kile kifaa kinachompa mzamiaji hewa kadiri anavyovuta, kwa nguvu inayolingana na kina alichopo, na tangu hapo mtu wa kawaida akaweza kwenda kutazama mahali ambapo zamani palikuwa pa samaki peke yao.

Tukaondoka mwezi wa sita mwaka 2024, shule zikiwa zimefungwa. Tulikuwa sita: mimi, dada, shemeji, wapwa wangu wawili, na huyo rafiki wa Tanga. Tukapanda treni ya zamani ya reli ya kati, Morogoro, Dodoma, Tabora, Kigoma. Reli hiyo ilifika Kigoma mwaka 1914. Sitakusimulia safari, ila nitasema kwamba mtoto aliyelala usiku kucha dirishani akaamka akayaona mabonde ya mto Malagarasi hawezi tena kuambiwa nchi hii ni ndogo.

Sasa, ziwa. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina chake ni mita 1,470. Duniani kote ni Baikal tu, huko Urusi, linalolizidi kwa kina. Umri wake ni mamilioni ya miaka, na muda huo wote samaki wake wameishi mle mle, wakagawanyika, wakawa koo kwa koo. Kuna jamii moja ya samaki, ile ya akina kuhe, ambayo wataalamu wamehesabu aina zake kama 250 ziwani humo, na karibu zote hazipatikani penginepo popote. Lakini uhai wote huo uko juu juu. Ukishuka zaidi ya mita 100 au 200 hewa katika maji inakwisha, na kuanzia hapo hadi chini ni giza lisilo na samaki hata mmoja. Ziwa hili refu kwenda chini lina ngozi nyembamba ya uhai, na ngozi hiyo ni nene zaidi kandokando, penye mawe na mwanga. Naomba ulikumbuke hilo, nitalirudia.

Mwaka huo ulikuwa wa pekee. Kwa mara ya kwanza upande wetu wa ziwa ulikuwa umefungwa kwa uvuvi, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapumzike na kuzaliana. Kigoma bila mitumbwi ya dagaa usiku ni kama mji uliozimiwa umeme. Miezi mingine, usiku usio na mbalamwezi, ziwa lote linawaka taa za wavuvi, mtu wa bara akadhani kuna mji ng'ambo. Sisi tulikuta giza na nyavu zimetandazwa juani.

Na maji yalikuwa yamepanda. Miaka ile ziwa lilijaa hadi likaingia mitaani Bujumbura na likamega fukwe zetu. Tulipofikia sisi, kusini kidogo ya mji, palikuwa na mwembe umesimama ndani ya maji, na ukuta wa ua wa mtu, lango likiwa bado limefungwa kwa kufuli, na samaki wakipita juu yake.

Asubuhi ya kwanza tulipokuwa tukipanga mitungi ufukweni, tuliyokodi kwa jamaa anayekusanya samaki wa mapambo, akaja mzee mmoja wa BMU, kile kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi. Amekuja na fimbo na daftari. Tukamwamkia, akaitikia, lakini macho yake yako kwenye mitungi.

"Ziwa limefungwa, wanangu. Na hata lisingefungwa, kuvua kwa mitungi ni kosa."

Nikamwambia, "Hatuvui, mzee. Tunatazama."

"Mnatazama nini?"

Mpwa wangu wa kike akamjibu, "Chochote kilichopo, babu."

Mzee akafungua vikapu vyetu kimoja kimoja. Hakukuta mshipi, hakukuta wavu, wala mkuki. Akakaa juu ya jiwe, na wiki nzima hakutoka pale kila tulipoingia majini. Alikuwa amevua kwa miaka zaidi ya arobaini. Hilo alituambia baadaye.

Siku ile ya kwanza ilitufundisha jambo ambalo hata rafiki yangu wa Tanga alikuwa amelisahau. Yeye ni mtu wa bahari. Mzamiaji hufunga kiunoni mkanda wenye vipande vya risasi ili azame, na yeye alijifungia uzito ule ule wa siku zote. Alipojitupa majini akaenda kama nanga. Maji ya chumvi ni mazito, yanambeba mtu, haya matamu hayabebi kwa kiasi kile. Ilibidi apande, avue karibu kilo mbili za risasi, arudi taratibu. Pia alitupunguzia kina na muda. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Morogoro mjini, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Tanga. Mzamiaji akiwa chini, naitrojeni ya hewa anayovuta inaingia katika damu na nyama zake, na anapopanda inabidi itoke polepole. Hewa ya juu ikiwa nyepesi, inataka kutoka kwa pupa, na hapo ndipo mtu hupata maumivu ya viungo au kupooza. Kwa hiyo watoto hawakuvuka mita kumi, na kila kupanda kulikuwa kwa kusimama njiani, tukihesabu dakika.

Nikueleze sasa tulichokiona, na hapa nitachukua muda wangu.

Mahali pa kwanza ni ncha ya nchi kavu inayoingia ziwani, mawe makubwa yamerundikana juu mpaka chini, mengine makubwa kuliko nyumba. Unashuka kandokando ya jiwe na mwanga unakufuata. Maji ni ya vuguvugu, ukitazama mbele unaona mita kumi, kumi na tano. Na kila jiwe ni mtaa. Nisemapo mtaa sipambi maneno. Kila jiwe lina wenyewe, na wenyewe wana mipaka. Ukisogeza kidole unatokea samaki mwenye urefu wa kidole hicho hicho anakuja kukufukuza, anakutazama machoni, hajali wewe ni mkubwa kiasi gani.

Kuna mmoja ambaye mpwa wangu wa kiume hakumwacha siku zote. Akiwa mdogo ni mweusi tii, na mwili mzima una madoa meupe, madogo, yamepangika. Mtoto alipopanda juu akatoa kifaa mdomoni na neno la kwanza likawa, "Mjomba, kuna kanga majini!" Na kweli ni kanga, kanga yule wa porini, madoa yale yale. Akikua madoa yanafutika, kichwa kinakuwa cha buluu na mwili unavaa mkanda mmoja mweupe au wa manjano. Kazi yake mchana kutwa ni kukwangua jiwe. Juu ya mawe yale pana utando wa kijani unaomea kwa mwanga wa jua, na huo ndio ugali wake. Anakwangua, anasogea, anakwangua. Samaki huyu wanamfuga Ulaya katika matangi ya vioo sebuleni. Wajerumani wanaomfuga wanamwita kwa jina la kitaalamu, Tropheus duboisi, halafu wanaongeza jina la mahali alikotolewa, Maswa, Karilani, kwa sababu kila kipande cha pwani kina rangi yake. Kuna watu Ujerumani wanaovijua vijiji vya kusini mwa Kigoma kwa samaki wake, na mimi Mtanzania nilikuwa sijapata kulisikia jina la kimoja.

Binti yeye alimpenda mama samaki mmoja. Sisemi aina yake, maana sikuitambua kwa uhakika. Alikuwa ametulia juu ya mchanga kati ya mawe mawili, mashavu yamemvimba. Tukasimama mbali, tukashusha pumzi. Baada ya muda akafungua mdomo, wakatoka watoto, kama punje za mtama, ishirini au zaidi, wakaanza kudonoa donoa mbele yake. Kiputo cha hewa kikanitoka mimi, kivuli kikapita, na kwa kufumba na kufumbua watoto wote wakarudi mdomoni kwa mama, akafunga. Samaki wengi wa ziwa lile hulea hivyo, mama hali chochote kwa wiki kadhaa ili mdomo wake uwe nyumba. Dada yangu, ambaye alikuwa juu akielea na miwani na mrija tu, aliona kila kitu. Usiku ule akiwa anapika hakusema neno kwa muda mrefu.

Na kwenye mchanga, mita nane hivi, kuna uwanja wa makombe ya konokono waliokufa zamani, yamelala maelfu kwa maelfu, na ndani ya kila kombe mna samaki anayeishi humo. Ni mdogo, ukubwa wa kidole gumba au pungufu. Anatoka, anachota mchanga kwa mdomo, anautema nje ya mlango wake. Anafagia. Nilimtazama mmoja mpaka hewa yangu ikafika alama ya kurudi.

Nyoka tulimwona mara moja. Ziwa hilo lina nyoka wa maji wa ukoo wa swila, mwenye sumu, ila anakula samaki na mtu hamtaki. Alitoka pangoni, akapita kati yetu, akaenda zake juu kuvuta hewa kama sisi. Mamba tulimuuliza mzee wa BMU kila asubuhi kabla ya kuingia, na asubuhi moja alisema leo hapana, tukatii, hatukuingia. Kuhusu kichocho, tulikwepa sehemu zenye matete na maji yaliyotulia, na baada ya wiki kadhaa sote sita tulimeza dawa hospitalini. Fanyeni hivyo mkienda.

Siku ya nne jioni mzee alikuwa amezoea. Wapwa wangu kila wakitoka majini walikwenda kwake kwanza, kabla ya chai, wakamweleza. Naye akawa anauliza maswali ya mvuvi: wamekaa kina gani, wamelalia upande gani wa jiwe, kuhe mmemwona? Kuhe tulikuwa tumemwona mmoja kwa mbali, mkubwa kama mkono wa mtu mzima. Mzee akasema, "Baba yangu kuhe alimvua pale," akaelekeza fimbo kwenye ghuba ndogo, penye mdomo wa kijito. "Palikuwa na mawe kama hapa mlipo. Siku hizi ukitupa nyavu pale unavuta tope."

Asubuhi ya tano tukaenda pale.

Msikilizaji, sijui nikuambieje. Ni umbali wa kama nusu saa tu kwa mtumbwi kutoka kwenye ile mitaa ya samaki. Tukashuka, na baada ya mita mbili sikuiona tena mikono yangu vizuri. Maji yana rangi ya chai ya maziwa. Tukafika chini. Mpwa wangu wa kiume akaweka kiganja sakafuni ajishikize, kiganja kikazama hadi kwenye kifundo. Chini ya tope mkono ukagusa kitu kigumu. Lilikuwa jiwe. Mawe yote ya baba yake yule mzee bado yapo. Yamefunikwa tu, kama vyombo vilivyofunikwa na majivu baada ya nyumba kuungua. Juu ya jiwe lililofunikwa mwanga haufiki, utando wa kijani haumei, na yule kanga wa majini hana cha kukwangua. Hakuna mtaa wala mipaka, na hakuna wa kukufukuza. Tuliona samaki wawili, basi.

Wataalamu walikwisha kuliona hili. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha sehemu safi na sehemu zilizoingiwa na udongo katika ziwa hilo, na wakaonyesha kwamba palipo na udongo mwingi aina za viumbe ni chache. Udongo huo unatoka vilimani. Ukisafiri kwa boti kutoka Kigoma kwenda Hifadhi ya Gombe unaona mwenyewe: vilima vilivyolimwa hadi kileleni, halafu ghafla msitu wa hifadhi, kama mtu amepiga mstari. Ndiyo maana taasisi ya Jane Goodall, aliyekuja Gombe mwaka 1960 kwa ajili ya sokwe, baadaye ikaanzisha mradi wa TACARE mwaka 1994, wa kupanda miti na kushirikiana na vijiji vya pembeni.

Tulipopanda mtumbwini binti alikaa kimya. Halafu akaniuliza, "Mjomba, udongo huu ni wa shamba la nani?"

Sikuwa na jibu.

Siku ya sita hatukuzamia. Treni ya kurudi inapanda hadi Tabora, kama mita 1,200 juu ya bahari, na rafiki yangu alitaka miili yetu ipumzike siku nzima kabla ya kupanda juu. Tukaenda Ujiji, tukapita Kibirizi kwenye vichanja vitupu vya dagaa, tukaangalia MV Liemba kwa mbali. Meli ile Wajerumani waliijenga mwaka 1913 na kuizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isichukuliwe, wakiwa wameipaka grisi injini, ikakaa chini ya maji hadi Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria. Shemeji, ambaye ni fundi wa magari, alisimama pale akiwaza ile grisi kuliko sisi wote tulivyowaza samaki.

Jioni tulimuaga mzee. Binti akamvalisha miwani ya maji. Mzee akapanda mtumbwi, akaenda nasi hadi kwenye ile ncha ya mawe, akashika ubao kwa mikono miwili na kuinamisha uso majini. Alikaa hivyo, anainuka kuvuta pumzi, anarudi, anainuka, anarudi. Tukadhani anatafuta kitu. Mwisho akavua miwani, maji yanamtiririka kwenye ndevu, akasema, "Miaka yote hii nimepita juu ya vichwa vyao." Hakuongeza kitu.

Tukarudi Mkuyuni.

Upande wetu wa mashariki wa Uluguru mvua hainyeshi kwa kalenda. Upepo wa Bahari ya Hindi unaigonga milima, na hata miezi ambayo Dodoma ni vumbi tupu, huku inaweza kunyesha usiku. Usiku wa pili tangu turudi ikanyesha. Asubuhi binti akachukua miwani yake akashuka mtoni, mimi na mdogo wake nyuma. Akalala kifudifudi juu ya jiwe, akatumbukiza uso. Akatoa. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Mdogo wake akaingiza mkono, akasugua jiwe la chini kwa kidole, na kiwingu cha udongo mwekundu kikapanda, kikaelekea zake Ruvu.

Bibi yao, yaani mama yangu, alikuwa amekaa chini ya mkuyu akisubiri ndoo. Binti akamuuliza swali lile lile aliloniuliza mimi ziwani. Mama hakufikiri. Akanyoosha mkono kwenye mteremko wa pili. "Lile la mjomba wako."

Na ni kweli. Shamba langu la mahindi linaanzia ukingoni mwa mto na kupanda kilima. Nimelilima hivyo kwa miaka tisa, kwa kufuata mteremko, na kila masika nimeuona udongo ukishuka, nikauita mvua.

Sasa, kwa nini mama hakuniambia siku zote hizo? Nilimuuliza. Akanirudisha nyuma sana. Miaka ya 1950 wakoloni walikuja na mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Wakawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi katika vilima, wanaume kwa wanawake, kwa siku maalumu, na asiyechimba anashtakiwa. Sehemu nyingine matuta yale yalifukua udongo usiofaa na mazao yakadumaa. Mwaka 1955 watu wakakataa, kukawa na ghasia Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa, na mpango ukavunjika. Mama alikuwa msichana mdogo. Anakumbuka mama yake akirudi jioni mikono imetoka malengelenge. "Tangu siku zile," aliniambia, "mtu aliyetaja matuta katika nyumba hii alikuwa anatazamwa vibaya. Ningekuambiaje wewe uchimbe?"

Nimelifikiria hilo sana. Jambo la kweli lililetwa kwa kiboko, na kiboko kikawafanya watu walikatae pamoja na ukweli wake, kwa miaka karibu sabini. Sisi tulioachiwa vilima hivi tulirithi chuki ya matuta, na udongo ukaendelea kushuka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu zisifanyike ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nilikuwa naijua. Nimeisoma hata redioni humu. Jumapili iliyofuata mchana wapwa wangu walichukua kamba ya katani, wakaipima kwa futi ya fundi, fundo kila baada ya mita kumi. Mdogo akashika mwanzo pale majini, dada yake akapanda nayo kilimani. Fundo la kwanza, mahindi. La pili, mahindi. La tatu, la nne, la tano, mahindi. La sita likaangukia kwenye shina la mfenesi wa marehemu baba. Karibu mahindi yangu yote yalikuwa upande wa chini yake.

Mama akasema, "Vuna haya. Usipande mengine."

Nimevuna. Chini ya mfenesi tumepanda safu tatu za majani ya ng'ombe kukata mteremko, na karibu na maji tumeotesha mikuyu, vipandikizi kutoka ule ule mkubwa. Majirani wawili wameazima kamba. Wa tatu alikuja, akaitazama, akasema ataazima akimaliza kuvuna maharage yake, na mimi sikumsukuma. Chakula nilichopoteza ni magunia manne kwa msimu, na kwa nyumba yangu magunia manne ni kitu kikubwa, sitaki kukudanganya kwamba ni rahisi.

Miwani inaning'inia kwenye msumari nyumbani kwa mama. Kila Jumamosi mpwa wangu wa kiume anashuka nayo, anatafuta jiwe lile lile, analisugua kwa kidole. Juzi nilimuuliza wingu linatokaje. Akasema bado linatoka.